Nyani Aliyeketi Kiti cha Mjomba

Ndugu Afisa Wanyamapori,

Pole na majukumu, na pole na baridi hii. Mimi ni Gideoni, mkulima wa viazi hapa Njombe, mjomba halisi wa kijana Yusto. Nasisitiza neno halisi, maana ndilo linalobishaniwa. Jumamosi iliyopita tulikwenda Makambako kumposea Yusto binti wa Mzee Benno, aitwaye Prisila. Nyani wako ameivuruga posa hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye msitu wa misonobari gari lilisimama ili tuchimbe dawa, yaani tujisaidie. Kwa heshima ya umri wangu nilikwenda mbali kidogo, na ukungu ulikuwa mzito. Niliporudi, gari limeshaondoka, kwa sababu kwenye kiti changu aliketi nyani, amejifunika blanketi langu na kuvaa mzula wangu mpaka kwenye nyusi. Dereva alihesabu vichwa, akaridhika.

2. Dada yangu Telesia, mama yake Yusto, alikaa naye bega kwa bega mpaka Makambako. Hakushtuka. Anasema alifurahi kuona kwa mara ya kwanza nasafiri bila kugombana na dereva. Hilo limeniuma kuliko kuachwa porini.

3. Kwa desturi ya ukoo wetu, mjomba kwenye posa hasemi wala hacheki. Anayezungumza ni mshenga. Wanaonifahamu wanajua kunyamaza kunavyonitesa. Yeye aliweza! Mzee Benno alipotaja masharti, nyani akampa kisogo. Masharti yakalegezwa. Yalipotajwa upya, akajikuna. Yakalegezwa tena. Kisha akapewa firigisi, ambayo ni haki yangu, akaila.

4. Mimi nilifika juu ya lori la mbao, matope mpaka magotini, nikaelekezwa nyuma ya nyumba kupasua kuni. Nilipoingia ndani kudai mzula wangu, nyani alitoroka kupitia dirishani na blanketi, na wakwe wakasimamisha posa kwa kuwa mjomba ameondoka. Mzee Benno ameshaelezwa kwamba yule ni nyani. Anasema hiyo si hoja, yeye anaangalia adabu.

Kwa unyenyekevu naomba nyani wote wa barabara ya Makambako wapigwe marufuku kupanda magari ya watu wanaokwenda kuposa. Huyu mmoja ahamishiwe Hifadhi ya Kitulo, akakae na maua, kusikokuwa na wakwe. Ikishindikana, nipewe barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba mjomba ni mimi. Yusto hali, halali, na shambani haonekani. Naumia sana kumwona hivyo.

Wasalimie nyumbani, ofisini, na askari wako wote walioko porini.

Wako mwenye masikitiko,
Gideoni (Mjomba)

Nyongeza: Tafadhali usimhamishe kwanza. Mzee Benno ametuma ujumbe kwamba Prisila ataolewa na Yusto, ila jibu rasmi atampa mjomba aliyekuja mwanzo. Nampenda Yusto kuliko cheo changu. Ukimwona nyani huyo, mweleze kwa heshima kwamba Jumamosi asubuhi gari litampitia palepale. Nami nitakuwemo, nimekubali kutambulishwa kama msaidizi wake.