Mwaliko Niliodhulumiwa

Jumatatu, 7 Oktoba

Dhuluma! Garrett Ostlund, mwenzangu wa chumba, mtu anayepuliza tuba, lile tarumbeta kubwa kama pipa, saa moja asubuhi akiwa na soksi na kaptura tu, amealikwa kwenye Mpango wa Wanafunzi Bora. Mama yake ameuchapisha mwaliko, akautia fremu, akautuma kwa posta pamoja na kopo la biskuti. Fremu imetundikwa juu ya kitanda chake. Inanitazama.

Nimeusoma mara nne. Chumba cha peke yako chenye bafu lako, Bweni la Whitcomb. Kuchagua masomo siku tatu kabla ya watu wengine. Kukaa na vitabu vya maktaba muhula mzima. Wastani wa alama za Garrett ni 3.64 kati ya 4. Wangu ni 3.71! Tena wa jasho. Nani mwingine chuo hiki aliyepekua orodha ya masomo usiku na mchana mpaka akayapata yale yasiyo na mtihani?

Jioni Mama akapiga simu. Mimi na Garrett tumetoka mji mmoja, na jana baada ya ibada, watu wakinywa kahawa, mama Ostlund alilizunguka kanisa zima kuwaonyesha mwaliko kwenye simu yake. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, na wewe je, mwanangu? Nikasema nimealikwa pia. Imenitoka tu! Akapiga ukelele mpaka mbwa akabweka. Jumamosi wanakuja, yeye na Baba, kwenye kifungua kinywa cha wazazi wa wanafunzi bora. Baba ameshamwomba jirani amkamulie ng'ombe. Hakuwaacha ng'ombe wale hata siku dada yangu alipoolewa.

Nina siku tano.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekwenda ofisi ya Mpango. Karani ni Bi Marlys Tjaden, mama wa makamo, miwani ina mnyororo. Akasema mialiko yote ilitumwa tarehe 16 Septemba kwa barua pepe ya chuo. Kwa barua pepe! Jambo zito namna hiyo!

Barua pepe za chuo nilizikomesha tangu Februari. Kumi na nne kwa siku: baiskeli imepotea, njooni mchanjwe mafua, leo mkahawani ni kuku. Nimepanga zote ziende moja kwa moja kwenye takataka bila kupita machoni pangu. Mwenye jambo la maana atabisha hodi.

Bi Marlys akaweka vidole tayari kwenye kompyuta, akaniuliza jina ili anitafute. Nikashtuka. Yaani nijulikane kuwa mlalamishi, niandikwe kwenye orodha mbaya? Nikasema naulizia rafiki yangu. Akanitazama juu ya miwani, akasema basi rafiki yako asome barua pepe zake. Nikamjibu kwamba rafiki yangu ana 3.71, hahitaji kufundishwa kusoma. Nikatoka kichwa juu. Nadhani nilimwacha na la kufikiria.

Jumatano, 9 Oktoba

Mkakati mpya: profesa anipigie debe. Nimemchagua Dk. Haverkamp, anayetufundisha somo la mawe. Sijawahi kukanyaga ofisini kwake, lakini sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea jiwe. Zuri, la kijivu, nililiokota nje ya maktaba.

Akalipokea kwa furaha. Akaligeuza. Akaliramba! Mtu mzima mwenye shahada tatu! Akasema ndivyo wanajiolojia wanavyotambua mawe, na kwamba hili ni kipande cha saruji ya ukingo wa barabara, akaomba nilirudishe nilipolitoa.

Nikameza hasira, nikaingia kwenye ombi langu. Akashangaa. Akasema jina langu alilipeleka yeye mwenyewe mwezi wa nane, na alidhani najiandaa kuhamia Whitcomb. Jina langu limepelekwa! Basi mwaliko ulitoka. Basi mwaliko uliibwa!

Na nani analala mita mbili kutoka kwangu?

Alhamisi, 10 Oktoba

Asubuhi nimeuficha mdomo wa kupulizia wa tuba ya Garrett ndani ya kiatu changu cha theluji. Aliporudi nikamwambia wazi kwamba hataupata mpaka anirudishie mwaliko wangu. Huyu jamaa ana ugonjwa wa kutokasirika. Alikaa kitandani, akala biskuti, akanipa na mimi moja, akasema, "Lyle, kaka yangu, mwaliko wa barua pepe naubebaje? Kwenye begi? Hebu fungua hizo takataka zako."

Nikazifungua ili nimwaibishe.

Tarehe 16 Septemba: Ndugu Lyle Vander Ploeg, tunafurahi kukualika. Tarehe 23: tunakukumbusha. Tarehe 30: tunakukumbusha tena. Tarehe 4 Oktoba: kwa kuwa hatukupata jibu lako, tunakutakia kila la heri.

Zilikuwa zimelala kati ya kuku na mafua. Nikamwona Mama amevaa sweta lake la sherehe, anauliza meza yetu iko wapi. Garrett hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Wakosaji ni wao. Mtu gani hukata tamaa baada ya barua nne?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilikuwa mlangoni kwa Bi Marlys kabla hajafika. Akatia ufunguo bila kunitazama, akauliza, "Rafiki yako hajambo?"

Nikasema hajambo, na kwamba amekuja mwenyewe. Nilikuwa nimeandika malalamiko ya kurasa saba. Lakini nilipofungua mdomo, nikajikuta naeleza habari za Baba na ng'ombe. Sijui kwa nini. Bi Marlys akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Akasema msichana mmoja amehamia chuo kingine, nafasi moja iko wazi. Akanitilia kadi mbili za wazazi kwenye bahasha. Ila mfumo utanitumia barua pepe yenye kitufe cha kuthibitisha, na ni lazima nikibonyeze mimi mwenyewe kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni. La sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata. "Mwanangu, hapo sitaweza kukusaidia tena. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Mtu haambiwi mara mbili kama mtoto! Nimefungulia barua pepe za chuo, na Garrett nimemsimulia yote.

Jumamosi, 12 Oktoba

Ushindi! Mayai, nyama ya nguruwe, chapati za maji na shira yake. Jina langu mezani kwa herufi za dhahabu. Mama alimkumbatia mkuu wa Mpango, akalia begani kwake. Baba alisema maneno manne: "Chakula kizuri. Umefanya vizuri." Akaiweka kadi yenye jina langu kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Mama Ostlund alikuwa meza ya nyuma kabisa. Nimepima kwa hatua kutoka meza yetu: kumi na moja.

Jumapili, 13 Oktoba

Haivumiliki! Tangu juzi ofisi ya Mpango imenitumia barua pepe kumi na tisa. Fulana saizi gani? Je, una mzio wa karanga? Karibu kwenye mjadala wa mikoko! Muhimu! Muhimu sana! Muhimu, mara ya mwisho! Kila kitu kwao ni muhimu! Hivi ndivyo wanavyowatendea wanafunzi bora? Nimezitupa zote bila kuzifungua, na nimepanga zijazo zizifuate huko huko. Mwenye jambo la maana atabisha hodi.

Nimeshafunga masanduku mawili. Bafu langu mwenyewe! Nitaoga nusu saa.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Garrett yuko nje, nimemfungia ili nipange vitu vyangu kwa amani. Anabisha hodi kwa nguvu ajabu, anaita jina langu, anauliza kama nimebonyeza kile kitufe. Wivu tu. Sifungui.