Silabi ya Pili ya Mkurugenzi

Serikali iliwatangazia wananchi, kwa furaha kubwa na vipaza sauti juu ya gari, kwamba tatizo kuu la nchi limegundulika: watumishi wa umma hawajui kukata vitenzi vya Kifaransa katika silabi. Wageni wa ng'ambo wangeweza kufika siku yoyote. Watumishi wote, bila kubaki hata mmoja, waende ukumbini kufundishwa.

Fundi kufuli alilisikia tangazo hilo mlangoni pa zahanati. Mlango umefungwa, bintiye kaegemea ukuta, uchungu umemshika, mimba ya kwanza. Kufuli alilifungua mwenyewe, ndiyo kazi yake. Tatizo lilikuwa mkunga, naye yuko ukumbini. Mwaka jana mkewe alikata roho hapo hapo mlangoni, wauguzi wote wakiwa kwenye semina ya kusimama wima. Akamlaza binti kitandani, akamwachia jirani, akatoka mbio.

Mlangoni pa ukumbi Naibu Mkurugenzi akamziba njia.

"Namtaka mkunga. Mwanangu anajifungua."

"Mkunga yuko nafsi ya kwanza wingi, mzee wangu. Haruhusiwi kutoka katikati ya silabi."

"Na mtoto je, asubiri katikati?"

"Ukimweleza vizuri ataelewa."

Jukwaani Mkurugenzi alikuwa amefika kwenye kitenzi cha kupiga miayo. "Nous bâillons! Silabi mbili: bâil, lons. Hiyo herufi ya mwisho inaandikwa tu, haifanyi kazi yoyote." Fundi akaelewa upesi. Ofisi zilizojaa watu wa namna hiyo alizijua zote.

"Sasa panueni vinywa! Bâ..."

Kinywa kikapanuka, kikazidi kupanuka, taya likalia ko! Halikurudi.

"Aaa," alisema Mkurugenzi.

"Aaa," ukumbi mzima ukaitikia.

Akapunga mikono. Ukumbi ukapunga. Machozi yakamtoka.

"Oneni anavyoipenda kazi," Naibu akanong'ona.

Mkunga akasimama. "Jamani, bosi kateguka taya. Niacheni nilirudishe."

"Kaa chini, dada! Utamkatizaje Mkurugenzi kabla ya silabi ya pili?"

"Haya. Ikifika mtaniita."

Akabeba mkoba wake, akatoka na fundi. Hakuna aliyewakemea, vinywa vyote vilikuwa wazi, kwa mujibu wa maelekezo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Jioni ndipo Mkurugenzi alipoletwa zahanati na Naibu wake, mkono chini ya kidevu, mate yakimchuruzika kwenye tai.

"Aaa!" akalia.

"Aaa!" akalia mtu chumbani.

Naibu akashtuka. "Nani huyo anayetamka safi hivyo?"

"Mjukuu wangu," fundi akasema.

"Kasomea wapi?"

"Ndiyo kwanza kafika."

Mkurugenzi akamkwida fundi shati, akamwonyesha taya. Fundi akamvutia kiti taratibu.

"Kaa, mheshimiwa. Mkunga anamwosha mtoto, kisha amhudumie mama, kisha anywe chai yake, maana kachoka. Utaitwa. Marehemu mke wangu aliita kwa silabi zote, akazikata moja moja, na hamkuja."

Mkurugenzi alitaka kufungua kinywa amjibu, lakini kilikuwa kimeshafunguka.