Jambia la Mzee Stübbe

Hartwig Brömmel, ambaye kazi yake ni kuwaingiza watu mjini, husoma matangazo ya vifo kwanza, habari za dunia baadaye. Alhamisi moja gazeti la Goslar, mji mdogo wa Ujerumani, lilimpa mzee Stübbe, afisa wa zimamoto, aliyefariki akiacha mjane na, kwa makisio ya Hartwig, jambia.

Maafisa wa zimamoto wa zamani walivaa majambia ya sherehe: mpini wa nikeli, ala ya ngozi nyeusi, picha ya kofia ya chuma na mashoka mawili imechorwa kwenye bapa. Jambia lenyewe halikati hata siagi. Lakini wapo watu wazima, wenye kazi zao na akili zao, wanaolinunua moja kwa bei ya gari kuukuu.

Akampigia mjane simu. Alijitambulisha kuwa mkuu wa zimamoto mstaafu kutoka Bremen, anayekusanya majambia kwa ajili ya makumbusho.

"Njoo Jumamosi," Bi Stübbe alisema. "Saa sita kasoro robo. Usichelewe, dengu zitapoa."

Alifika na sanduku. Ndani mlikuwa na jambia lake mwenyewe, la kweli kabisa, chambo alichokitumia miaka sita.

"La babu yangu," alisema kwa huzuni aliyoizoea. "Nalitoa bure, mama. Mali ya taifa."

Ewald, kaka wa mjane, alikuwa anakula bila kuinua kichwa.

"Umezima moto miaka mingapi, mkuu?"

"Thelathini na mmoja."

"Pole. Kula basi."

Bi Stübbe akaleta jambia la marehemu, akalilaza sandukuni kando ya lile jingine. Hartwig alikuwa anatafuta namna ya kuaga kwa heshima, king'ora cha mji kikalia.

Alifikiri haraka. Mzimamoto wa kweli hawezi kukaa anameza dengu king'ora kinalia. Akaruka, akaangusha kiti, akapaza sauti, "Moto! Kazi inaniita!" Huyoo, mbio hadi kituo cha zimamoto, mtaa wa tatu.

Kituo kilikuwa kimefungwa. Mama mmoja aliyekuwa akifagia nje alimtazama.

"Unakimbilia wapi, baba? Leo si Jumamosi ya kwanza ya mwezi? Wanajaribu king'ora tu. Hata watoto wanajua."

Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa. Bi Stübbe alikuwa dirishani.

"Marehemu mume wangu," alisema, "king'ora cha leo kikilia alikuwa anaongeza tu chumvi kwenye dengu."

"Sanduku langu, mama!"

"Lako? Si ulisema la makumbusho? Ewald amelipeleka."

"Makumbusho gani?"

"Hayo hayo ya kwako, mkuu. Au hayapo? Sema tu, niwapigie polisi wamrudishe kaka yangu."

Hartwig alichungulia ndani. Nyuma ya bega la mjane alimwona Ewald waziwazi, anapigilia msumari wa pili ukutani, jambia moja likiwa tayari limening'inia kwenye wa kwanza. Akavua kofia, akamshukuru mama kwa mchango wake kwa taifa, akaenda kupanda treni.