Taa za Treni ya Bandarini

Jumatatu, 2 Machi 1998

Alhamdulillahi, nina kazi. Vita hivi, vikwazo hivi, na mimi Yahaya bado ni mlinzi wa treni! Kichwa kimoja na behewa moja, vilivyobeba mizigo ya meli hapa bandarini, kando ya ziwa, enzi za Wabelgiji. Sasa vimo katika makumbusho yetu madogo, chini ya balbu moja. Wageni huuliza kama ni trekta. Jumamosi inakuja kamati ya kukagua makumbusho. Isipopendezwa, treni itakatwa iuzwe kama chuma chakavu. Mirindi, mlinzi wa mitumbwi ya makumbusho, ambayo yeye huiita pirogi, ana taa tatu za neoni na anatamba. Ngoja!

Jumatano, 4 Machi

Idi, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, kanipa taa mbili za lori na betri. Mungu amzidishie! Nimezifunga karibu kabisa na treni. Mwanga! Halafu harufu. Rangi ya treni ikafura kama maandazi. Madame Léocadie, mkubwa wetu, akasema nizitoe, rangi kuukuu haitaki joto. Angeweza kunifukuza. Hakunifukuza. Namshukuru mno. Nimezisogeza shubiri moja.

Ijumaa, 6 Machi

Nimeazima neoni moja ya Mirindi. Yeye hajui. Akaja mbio: “We Yahaya, neoni ya pirogi yangu iko wapi?”

“Mi sijue, ndugu yangu.”

Mchana akanigawia ugali na ndagala zake, dagaa wa ziwani. Mtu mwema. Nilikula kwa aibu, lakini nilikula.

Jumamosi, 7 Machi

Betri imekufa! Nikaunganisha taa za lori kwenye umeme wa ukutani. Kamati ikaingia. Nikawasha. PAA! Giza. Siku hizi mlio kama huo hauulizwi: kamati nzima chini, kifudifudi, na suti zao. Nikapiga kelele kwamba ni balbu, balbu tu!

Mirindi akakimbilia mlango mkubwa wa upande wa ziwa, uliofungwa tangu vita vianze, akausukuma kwa bega. Jua likaingia ubavuni mwa treni. Shaba ikang'aa. Mama Mwanne wa kamati akainuka na vumbi lake, akashika mpini wa breki.

“Baba yangu alikuwa anaendesha hii,” akasema. “Mi nilikuwa namuletea chakula hapa.”

Akalia. Hakuna aliyetaja chuma chakavu tena. Wakaamua: treni inabaki, na mlango uwe wazi kila mchana. Nikamkumbatia Mirindi. Akaninong'oneza nirudishe neoni.

Jumapili, 8 Machi

Nashukuru kwa yote: mlango, jua, Mirindi. Ila nawaza. Kama jua peke yake limefanya hivi, je, likiongezwa? Jirani yangu Irène ana kioo kikubwa cha kujitazamia, cha saluni. Yuko misani hadi saa sita. Nimekipima. Kinapita mlangoni mwake.