Boila Mbili za Obrad

Gazeti la Jumatatu lilifika limeloa, na aliyelifungua ni Kimya. Huyu jina lake halisi ni Tihomir. Tulimwita Kimya kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Tulikuwa mbele ya duka la Ljubinka kama kawaida, kila mtu juu ya kreti lake la bia, kola zimesimama masikioni, upepo wa košava ukitusukuma kama askari anayefukuza walevi.

"Sikieni, enyi wananchi," Kimya akasema. "Wiki za baridi kali presha ya gesi itapunguzwa mkoa mzima wa Banat. Mnaombwa kuwa na subira."

"Subira haipashi nyumba joto," akadakia Obrad. Obrad ni mkulima wa mahindi, shingo nene, na kichwa kigumu kupita shingo. "Ijumaa ni Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wetu, sikukuu ya nyumba yangu. Binti yangu Vesna anamleta mchumba na mama wa mchumba kutoka Novi Sad, mara ya kwanza wanakanyaga kwangu. Watu wa ghorofani hao! Kwao joto linatoka ukutani tu, hawajui hata nani kaliwasha. Sasa niwakalishe mezani na makoti?"

"Wape rakia. Watavua wenyewe."

"Mama mkwe hanywi."

Tukainamisha vichwa kwa huzuni.

"Lakini dawa ninayo," Obrad akaendelea. "Boila mpya ya gesi iko bafuni. Ile ya magunzi ya mahindi aliyoiweka marehemu baba bado iko bandani, nzima kama jino. Naziunganisha kwenye mabomba yaleyale. Gesi ikilegea, natupia magunzi. Magunzi yakiniisha, nawasha gesi. Nani kama mimi?"

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," ikasikika sauti kutoka kreti la mwisho.

Alikuwa Mvuke. Mzee Radisav huyo, mwembamba, mgane, anakaa peke yake ng'ambo ya barabara kutoka kwa Obrad. Alilisha moto boila za kiwanda cha sukari miaka thelathini na moja, mpaka kiwanda kilipofungwa. Huongea kama vile maneno yana mgao.

"Ya magunzi inapumua," alisema. "Ina tangi darini, wazi juu. Maji yakichemka yanapanda huko, mvuke unatoka, nyie mnaishi. Ya gesi imefungwa, inataka presha. Ukizichanganya hivihivi, ama tangi litafurika, ama mtu ataliziba. Weka kisanduku katikati, kile cha mabati membamba ndani. Maji ya huku yanapita huku, ya kule yanapita kule, yanapeana joto bila kugusana."

"Kama Kimya na mkewe," Ljubinka akasema kutoka mlangoni.

"Ljubinka, uza mkate!"

Hapo Waziri akakohoa. Tukajua tumekwisha. Waziri ni Miladin, karani mstaafu. Zamani aliwahi kubeba faili la naibu waziri kutoka garini hadi mlangoni, na tangu siku hiyo hakuna jambo asilolijua. Tena alisimamia ndoa ya Obrad. Kwetu aliyekusimamia ndoa ni kumu wako, na kumu hakatazwi, hata akiwa mpumbavu.

"Kisanduku!" akasema Waziri. "Fundi wa mjini atakiagiza, kitakuja baada ya Pasaka. Kumu wangu, sikiliza. Tii mbili za kuungia mabomba, koki tatu, spana moja. Nusu siku tumemaliza. Nimeona Ujerumani."

"Ujerumani ulikwenda lini?"

"Nilipita na basi."

"Ukaona boila kutoka ndani ya basi?"

"Basi lilikuwa na joto, bwana! Unadhani lilitoka wapi?"

Tulicheka mpaka kreti la Kimya likavunjika mbao. Mvuke hakucheka.

"Na umeme ukikatika?" akauliza. "Pampu inayozungusha maji itasimama. Gesi unaizima kwa kidole. Gunzi halizimwi, linaungua mpaka limalize hasira zake. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu," Obrad akamkata. "Basi nitavunjika nikiwa na joto. Mvuke, kiwanda chako kilishafungwa. Na wewe funga mdomo wako."

Mzee akainuka, akavaa kofia, akaondoka. Chupa yake aliiacha nusu, na miaka yote hatukuwahi kuona jambo hilo.

"Umezidisha," Ljubinka akasema.

"Atarudi," akajibu Obrad, lakini chupa yake naye hakuimaliza.

Jumatano nilipita kwa Obrad. Mimi wananiita Posta, kwa kuwa niligawa barua hapa kijijini mpaka goti liliponigomea. Desanka, mke wa Obrad, alinipokea getini na mikono ina unga.

"Shemeji, ingia ukawaangalie. Bandani wameingia watu wawili, nataka watoke wawili."

Nikawakuta. Obrad alikuwa amelala chini ya mabomba na spana, Waziri yuko juu ya ngazi akitoa amri. Walikuwa wameziunganisha kweli, bila kisanduku chochote. Na kama Mvuke alivyosema, presha ya boila ya gesi ilikuwa imeyasukuma maji mpaka tangi la darini likaanza kufurika na kutiririka ukutani.

"Kitu kidogo," Waziri akasema. Akaonyesha koki aliyoiweka kwenye bomba linalopanda darini, akaizungusha mpaka ikaziba kabisa. "Umeona? Hakuna tena kuvuja. Tazama mshale wa presha, umetulia kama mtoto kanisani!"

"Lakini si Mvuke alisema lile tangi lipumue?" nikauliza.

"Litapumua likishapumzika."

Obrad alinitazama kutoka chini, jasho linamtoka. Nadhani alitaka niseme neno moja zaidi. Sikulisema. Kosa hilo ni langu, sitamsukumia Waziri, ingawa ana nafasi ya mengi.

Ijumaa nyumba ilijaa. Sikukuu ya nyumba haina kadi ya mwaliko, anayekuja kaja. Mchumba alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Mama yake, Bi Olivera, alikuwa mwanamke mrefu aliyefika ndani ya koti la manyoya, akakaa nalo wima kama mtu anayesubiri treni. Padri alikuwa amekwisha kukata mkate wa sikukuu. Mshumaa mrefu unawaka katikati ya meza, maharagwe ya kuoka yanatoa moshi, samaki wa kukaanga wamepangwa hadi ukingoni. Mvuke naye alikuja, kwa heshima ya mtakatifu. Alimpa Obrad mkono, akatazama pembeni.

Gesi ilikuwa hoi kweli. Obrad akaenda bandani kutupia magunzi, akarudi, akaenda tena. Kila radieta ya ukutani ikawa moto wa kutokugusika. Bi Olivera akafungua kifungo kimoja, kisha cha pili, kisha akavua koti lote. Obrad akatutazama kama aliyeshinda uchaguzi.

"Unaona?" Waziri akamnong'oneza Kimya. "Ujerumani!"

Ndipo košava ikaangusha waya mahali fulani, na taa zikazimika.

"Si kitu, ni mchana," akasema Desanka. "Kuleni, jamani."

Tukala. Baada ya muda kitu kikagonga ndani ya ukuta. Ngo. Kisha ngo, ngo, kama mtu anayepiga bomba kwa nyundo ili afunguliwe. Mvuke akaweka uma chini.

"Obrad. Bomba la darini liko wazi?"

Obrad akamtazama Waziri. Waziri akamtazama samaki.

"Nje wote," Mvuke akasema. Hakupaza sauti. "Sasa hivi. Acheni makoti."

Sijui jinsi watu ishirini walivyopita mlango mmoja. Padri alitoka na uma mkononi. Obrad, Kimya na mimi tulimfuata Mvuke mbio hadi bandani, naye akatugeukia mlangoni. "Obrad peke yake. Wengine rudini." Hatukurudi, tulichungulia. Boila ilikuwa ikinguruma na kutetemeka, mshale wa presha umekwama mwisho. Waziri akatokea mbio na ndoo ya maji aitupie moto, na Mvuke akaipiga teke ikaruka mpaka kwenye matope.

"Chuma cha moto kikipata maji hupasuka. Unataka kutuua mara mbili?"

Akafungua mlango wa boila, akaanza kuukomba moto kwa koleo, na Obrad akaupokea kwa koleo jingine akiutupa nje uani. Makaa yalimtoboa Mvuke koti lake la kanisani, moja lilitua kwenye mkono wa Obrad, na hakuna aliyesimama. Moto ulipoisha, mzee akavua lile koti, akalizungushia mkono, akaifungua koki kidogo kidogo, huku amegeuza uso kando.

Paa likalia. Mvuke ukatoka chini ya vigae kama nyumba imevuta sigara. Kisha maji mekundu ya kutu yakafurika kutoka tangini, yakatoboa dari ya sebule, yakamwagikia samaki, maharagwe, na koti la manyoya kitini.

Kimya akafanya ishara ya msalaba.

Obrad alikaa juu ya ndoo ya majivu. Mvuke akasimama mbele yake, akashusha kola ya shati. Kovu la shingoni tulilijua sote, hatukuwahi kuliuliza.

"Kiwandani," akasema, "koki moja kama hii. Zamu yetu tulikuwa wawili, mimi na Lazar. Nyumbani nilirudi peke yangu." Akaipandisha kola. "Boila haina utani, Obrad. Utani tunao sisi."

"Radisav," Obrad akasema. Alimwita jina lake. "Jumatatu nilikutamkia neno baya."

"Ulisema kiwanda kimefungwa. Ni kweli, kimefungwa." Akamwinua kwa kwapa. "Nyumba yako itaganda kabla ya saa kumi. Kwangu hakuna bomba hata moja. Leteni samaki waliobaki jikoni."

Mshumaa wa sikukuu ulikuwa bado unawaka, katikati ya meza ile iliyolowa. Desanka alikataa kuuzima, maana mshumaa wa nyumba hauzimwi sikukuu ikiwa haijaisha. Basi Obrad akausimamisha ndani ya ndoo ya majivu, akaikumbatia ndoo, tukavuka barabara dhidi ya upepo, watu ishirini na masufuria.

"Baba Padri, sikukuu inaruhusiwa kuhama?" Kimya akauliza.

"Mtakatifu Nikola ni wa wasafiri," padri akajibu. "Akivuka bahari, barabara itamshinda? Shika sufuria vizuri."

Mvuke ana jiko la udongo la kizamani, kubwa kama ng'ombe aliyelala, analilisha magunzi mara mbili kwa siku na ukuta wake unabaki moto mpaka asubuhi. Tangu azikwe mkewe hakuna aliyeingia humo kula. Alikuwa na sahani tatu. Tulikula kwa zamu, wengine kwenye vifuniko. Bi Olivera akaegemeza mgongo kwenye lile jiko, akafumba macho, akaomba rakia.

"Si hunywi, mama?" mwanawe akashangaa.

"Leo dari imeangukia kiti changu na sijafa. Mimina."

Habari ya koti nayo iliishia hapohapo. Vesna alipoanza kuomba radhi, Bi Olivera alimjibu kwamba lilikuwa la wifi yake, na wifi mwenyewe hampendi. Mvuke alisimama mlangoni akitazama nyumba yake ilivyojaa, akawa anafuta macho na kusingizia moshi. Jiko lile halitoi moshi.

Alhamisi iliyofuata kisanduku kilikuwa kimefika, hata Pasaka haikungojwa. Mvuke alikaa bandani juu ya kiti, Obrad akafunga kila nati kwa amri yake, na ile koki ya darini ikakatwa kabisa kwa msumeno. Waziri aliruhusiwa kushika tochi tu. Jioni tukakutana kwa Ljubinka, Obrad na bandeji mkononi, Mvuke na koti jipya alilonunuliwa na Desanka.

"Mimi," Waziri akaanza, "nilisema tangu siku ya kwanza, bila kisanduku..."

Watu wote tukamgeukia. Akatafuta pa kuyaweka macho, akayatupa ndani ya duka.

"Ljubinka, mbona friji lako linanguruma hivyo? Hebu niletee bisibisi."

Ljubinka akachukua ufagio. Sisi kila mmoja akachukua chupa yake, tukaenda zetu.