Kikombe cha Chai Barabara ya Bugwema

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama, mnatangaziwa kwamba tatizo la barabara ya Bugwema limekwisha. Halikumalizwa kwa greda wala kwa kifusi. Limemalizwa kwa sponji.

Nasema haya kwa mamlaka. Mimi Tausi ndiye niliyeshona viti vya gari la Mkurugenzi wa Ofisi ya Kuwafikia Wananchi, na kwa kazi hiyo niliteuliwa mjumbe wa Kamati ya Ulaini. Kwa muda mrefu sikusema neno kikaoni. Iliandikwa tu kwamba nimeafiki.

Gari lenyewe lilikuja gereji kwetu Nyakato likiwa Landkruza ya kawaida, ya kupanda milima. Fundi Muzamil akalikata katikati, akaliongeza urefu, akalifungia springi za upepo, kochi la ngozi, friji, pazia za zambarau na meza ya mninga. Mkurugenzi Magesa alikuja mwenyewe kulijaribu kochi.

"Fundi, bado naisikia dunia," alilalamika.

Muzamil akaongeza sponji. "Sasa je, mkuu?"

"Kwa mbali."

Tukaongeza tena mpaka dunia ikaisha.

Safari ya majaribio ilikuwa Bugwema, ambako wakulima waliomba greda tangu masika. Kamati ikapitisha kipimo rasmi: kikombe cha chai kiwekwe mezani ndani ya gari. Chai ikimwagika, barabara ni mbovu. Isipomwagika, barabara ni nzuri, na greda haliji.

Tulipoiacha lami, niliona dirishani mbuzi wakizama kwenye shimo na kutokea upande wa pili. Ndani, chai ilitulia kama mgeni wa heshima.

"Andikeni nzuri," Mkurugenzi akasema. "Mjumbe Tausi?"

Nikaangalia zulia. Ikaandikwa nimeafiki.

Kijijini, mama Ghati, mkulima wa nyanya, alikuwa amepanga matenga yake barabarani ili tuyaone. Mkurugenzi akashusha kioo nusu, ubaridi usitoke.

"Hongera mama. Barabara yenu imepona."

"Imepona lini, baba? Nyanya zangu zinafikaga sokoni Mwisenge zimeshakuwa mchuzi. Wateja wananiulizaga kitunguu kiko wapi."

"Chai haijamwagika, mama. Ni kitaalamu."

"Basi panda bodaboda inayonibebeaga mzigo, na hicho kikombe ukishike."

Mkurugenzi akacheka kwa upole. Kioo kikapanda. Greda la Bugwema likafutwa, na mama Ghati akasema nyanya basi. Akimaliza kuvuna hizi atalima mihogo, ambayo hata ukiipiga ngumi haipasuki.

Kipimo kikatukolea. Tukapitisha barabara zote za eneo letu, hata ile ambayo daraja lake lilikwenda na maji. Hiyo tuliipitisha tukiwa ng'ambo. Mkurugenzi akaripoti makao makuu kwamba hana barabara mbovu hata moja, akanunua kabisa fremu ya kuwekea cheti.

Simu ya makao makuu ilipokuja aliweka spika, ili kamati nzima isikie sifa.

"Hongera, Magesa. Kweli huna barabara mbovu?"

"Hata moja, mkuu."

"Basi hilo gari la barabara mbovu unalifanyia nini? Lipeleke tawi la Butiama. Mwenzio huko kipimo chako kimemmwagia chai mapajani."

"Na mimi, mkuu, nitawafikia wananchi kwa usafiri gani?"

"Barabara laini hivyo? Bodaboda inatosha."

Jumatatu Mkurugenzi alikwenda kuwafikia wananchi wa Bugwema kwa bodaboda, amevaa suti ya krimu. Kwenda alimshikilia dereva. Kurudi, bodaboda iliyokuwepo ni moja tu, na mama Ghati alikuwa ameshaifungia matenga. Akaruhusiwa kukaa katikati, baina ya dereva na nyanya. Kabla hawajaondoka, mama Ghati akamletea kikombe cha chai.

"Shika, baba. Ni kitaalamu."

Niliwaona wakiingia sokoni Mwisenge. Mkurugenzi alikuwa ameshika mkono wa kikombe tu, kikombe chenyewe kilibaki njiani. Suti haikuwa krimu tena. Mteja mmoja alimzunguka Mkurugenzi taratibu, akamtazama mgongoni, akauliza kitunguu kiko wapi.

Jioni hiyo Kamati ya Ulaini ilifanya kikao cha dharura. Tulikifanya wima, kwa kuwa Mkurugenzi, Mwenyekiti wetu, hakuweza kukaa. Hoja ilikuwa moja: greda liende Bugwema kesho asubuhi, na mihogo ya mama Ghati isubiri.

"Mjumbe Tausi?"

"Naafiki," nikasema. Wote wakageuka kuona sauti imetoka wapi.

Mkurugenzi akanisogelea, akaongea chini chini. "Binti yangu, greda likichelewa nitapanda tena ile pikipiki. Nishonee kamto kadogo."

Nikamwambia sponji yote ilikwenda Butiama.