Anwani za Mkurugenzi Zinahama

Kurugenzi ya Uratibu wa Waratibu inapenda kuutangazia umma kwamba kompyuta ya zamani ya Mkurugenzi inastaafu kwa heshima, na kwamba anwani zote za barua pepe zilizomo zitahamishiwa kwenye kompyuta mpya kwa utulivu, kwa kufuata taratibu, na bila kupotea hata moja. Wananchi wanaombwa waendelee na shughuli zao bila hofu.

Wananchi walikuwa wanaendelea na shughuli zao. Tangazo lilibandikwa hivyo hivyo, mlangoni, kwenye lifti na ndani ya choo cha wageni, kwa sababu Mkurugenzi aliamini kwamba jambo lisilotangazwa halijafanyika.

Na safari hii alikuwa na sababu nzito. Kiti cha Naibu Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Waziri alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba kitakaliwa na "mtu wa kidijitali, asiyepoteza data." Mkurugenzi hakujua data ni nini hasa, lakini alikuwa na uhakika hajawahi kuipoteza. Suti ya kuapishwa ilikuwa kwa fundi cherehani, imebaki vifungo tu.

Kompyuta zote mbili zilikuwa juu ya meza yake, bega kwa bega kama maharusi. Fundi wa kompyuta alizitazama akacheka.

"Bosi, hii kazi ya kikombe cha chai. Huku natoa faili moja lenye anwani zote, naliweka kwenye flashi, kule naliingiza. Kwisha."

"Faili moja?" Mkurugenzi alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa mbishi. "Watu wote hao, pamoja na Mheshimiwa Waziri, unawapakia kwenye faili moja? Likidondoka?"

"Haliwezi kudondoka, bosi. Si nazi."

"Ndivyo wanavyosema wote kabla ya ajali."

Kamati ikaundwa. Kamati ikaunda kamati ndogo ya vitafunio, ambayo ndiyo pekee iliyomaliza kazi kwa wakati. Nyumbani, mkewe alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Baba watoto, mimi juzi nimehamisha za dukani kwangu huku naosha vyombo. Nyinyi mnakaa vikao?"

"Mke wangu, zako ni za mtu binafsi. Hizi ni za serikali. Zina uzito."

"Uzito gani? Wa kilo?"

"Wa kiitifaki."

"Haya. Ukimaliza kuzibeba upitie gesi, imeisha."

Kamati iliamua kwa kauli moja kwamba kitu kinachotoka kompyuta moja kwenda nyingine ni mali ya serikali iliyo safarini, na mali iliyo safarini hupita getini kwa kibali. Kwa hiyo flashi ilitiwa kwenye bahasha, bahasha kwenye sanduku la chuma, sanduku kwenye gari la idara. Gari lilitakiwa litoke geti la mbele, lizunguke jengo, liingie geti la nyuma, kisha sanduku lipandishwe ngazi hadi kwenye meza ileile. Mkurugenzi alikaa kiti cha mbele akafunga mkanda.

Mlinzi wa geti alifungua sanduku, akafungua bahasha, akageuza flashi mara mbili kiganjani.

"Mkuu, kibali kinasema anwani mia nane. Mimi naona kijiti kimoja."

"Zimo ndani ya hicho kijiti."

"Basi zishuke nizihesabu."

"Hazishuki, bwana! Ni za kielektroniki."

"Mkuu, si wewe uliyenipa onyo kwa kupitisha katoni bila kuhesabu? Leo nihesabu nini, hewa?"

Mkurugenzi alitaka kufoka. Lakini onyo lile alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, na lilikuwa limeandikwa vizuri. Gari likarudi kinyumenyume hadi lilipotoka.

Mkaguzi wa ndani, mzee mkavu ambaye ofisi nzima ilimwita Viambatisho, alimuunga mkono mlinzi.

"Hoja ya mlinzi ina mashiko. Tutajuaje hakuna iliyopotea? Tunapohakiki wastaafu tunafanyaje? Kila mmoja anathibitisha mwenyewe kwamba yupo. Na hawa vivyo hivyo. Kila mtu apelekewe barua yenye taarifa zake, kama zilivyo kwenye kompyuta ya zamani, na ajibu kama ni sahihi. Wakijibu wote, hakuna kilichopotea."

Mkurugenzi nusura amkumbatie. Kila mtu! Yaani Waziri naye atapokea, ataona kwa macho yake namna data inavyotunzwa. Hapohapo akatoa waraka: ni marufuku mtu yeyote kubadili hata herufi moja, kwa kuwa kugusa ndiko kupoteza.

Barua iliandaliwa na katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyeitwa Mama Mhuri kwa sababu mhuri ulilala kwenye mkoba wake. Ili itumwe kutoka kompyuta mpya, fundi alichomeka flashi, akaingiza lile faili, akachomoa. Anwani zote zikawa zimehama. Hakuna aliyeona, kwa sababu hapakuwa na muhtasari wa kikao.

Mama Mhuri alisoma kwenye kioo, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Bosi, majina yaende kama ulivyoyaandika wewe?"

"Neno kwa neno."

"Hata la Mheshimiwa?"

"Hasa la Mheshimiwa."

"Haya. Mimi simo." Akabonyeza.

Jibu la kwanza liliingia Mkurugenzi akiwa bado anajipongeza. "Nathibitisha kwamba mimi ndiye Mdomo Wazi wa Ghorofa ya Pili. Asante kwa kunikumbuka."

Mkurugenzi alilisoma mara moja, kisha akafungua orodha nzima. Tangu apewe ile kompyuta ya zamani, hakuwahi kuandika jina la mtu. Majina aliyasahau, tabia hakuisahau. Kwa hiyo aliandika tabia, na kila aliyemtafuta alimpata haraka sana. Majibu yakaanza kumiminika. Mwuza Karatasi Mwizi alithibitisha. Anacheka Peke Yake alithibitisha, akaomba nakala. Simu ikaita. Mkewe.

"Baba watoto, wewe una akili timamu? Mama yangu kapata barua ya serikali, ina nembo, inamwita Ndugu Mzigo Huja Bila Taarifa. Anauliza athibitishe?"

"Asithibitishe!"

"Ameshathibitisha. Anasema hawezi kuidanganya serikali. Na anakuja."

"Lini?"

"Hajasema. Si umeandika mwenyewe?"

Hajaweka simu chini, ikaita tena. Mkurugenzi alisimama kabla ya kupokea, kama desturi.

"Mkurugenzi."

"Mheshimiwa!"

"Nimepata barua ya uhakiki. Inaniita Ndugu Porojo Muache Amalize."

"Ni... ni mfumo, Mheshimiwa."

"Mfumo unanijua vizuri. Sasa niache nimalize. Nimefurahi, data haikupotea. Lakini uhakiki wa barua pepe hautoshi, watu wanadanganya. Wote waje ana kwa ana. Dirisha la mapokezi la ghorofa ya chini lifunguliwe, wewe mwenyewe ukae, kila mtu umsomee jina lake kwa sauti, athibitishe. Nimeshawaandikia."

"Na ile... nafasi ya Naibu, Mheshimiwa?"

"Nimempa mtu mwingine. Hajui kutumia kompyuta kabisa. Nimeona ni salama zaidi."

Asubuhi foleni ilianzia dirishani, ikapita lifti, ikatoka nje, ikakunja kona. Watu walikuwa wamechangamka, wanaulizana, "Wewe kakuitaje?" na kupigana mabega kwa kicheko. Mama Mhuri alikaa pembeni na mhuri tayari. Mkurugenzi aliketi nyuma ya kioo, kwenye kile kitundu cha kuzungumzia, akainua macho.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama mkwe wake, amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, pochi kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee."

Mkurugenzi akasafisha koo. Akanong'ona.

"Paza sauti, baba," alisema mama mkwe kwa upole. "Walio nyuma hawasikii."